Ni na Tu

Mama yangu aliponiuliza mji ninaokaa unaitwaje, nilimjibu: Savage. Akataka kujua maana yake. Nikababaika. Kwa Kiingereza neno hilo ni mshenzi, na sikuona namna ya kumweleza mama aliyeko Korogwe kwamba mwanawe kapanda ndege tatu, kavuka bahari, kaenda kujenga Ushenzini. Nikamwambia ni jina la mtu tu. Wala sikumdanganya. Marion Willis Savage alikuwa mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo hapa Minnesota, na mwaka 1904 kijiji cha Hamilton, kando ya Mto Minnesota, kiliacha jina lake kikachukua la kwake. Sifa zake nyingi alizipata kwa mgongo wa farasi. Farasi huyo ana sehemu yake katika habari hii, ila zamu yake bado.

Ilikuwa Januari. Mto umeganda, matishari ya nafaka yamelala hadi theluji iyeyuke, na watu wamejifungia ndani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa kakaa jikoni kwangu na kompyuta yake, chai ya maziwa imefanya utando mbele yake. Usiku hupanga vifurushi katika ghala moja huko Shakopee, mji wa jirani. Programu amezisomea kwenye chuo cha miaka miwili, akilala saa nne nne. Alhamisi ile alikuwa na usaili wa kazi yake ya kwanza ya kuandika programu.

"Mjomba, hapa wanauliza kama nimewahi kuchangia programu huria. Nijaze nini?"

"Umewahi?"

"Kidogo. Si kitu cha kujaza."

"Kidogo kiasi gani?"

Akacheka kwa aibu. "Mistari 11."

Kwa asiyeijua kazi yetu: programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, ukausome, ukautumie, ukaubadilishe kwa masharti ya leseni yake. Ukiona hitilafu, unashona kiraka (ndivyo tunavyokiita, kama cha suruali), unakipeleka kwa wasimamizi wa mradi, nao wanakikubali au wanakirudisha. Simu nyingi zilizo mifukoni mwetu zinaendeshwa na Android, na kiini cha Android ni Linux, programu huria iliyoshonwa hivyo, kiraka juu ya kiraka, tangu mwaka 1991. Na kila kilichofanyika kinabaki kwenye kumbukumbu: nani aliandika mstari upi, siku gani, nani alimkosoa, alijibu nini. Ipo hata amri ya kukuonyesha mwenye kila mstari, na walioiunda waliipa jina la Lawama. Ndiyo maana waajiri wanauliza habari hizi. Fundi cherehani anaweza kukueleza mchana kutwa jinsi anavyoshona, lakini ukiupata mshono wake mkononi utaugeuza mwenyewe uangalie upande wa ndani.

Nilimtazama kijana yule na mistari yake 11, nikajiona mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, nikiharibu kwa namna ile ile.

Niliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, na kama wenzangu wengi nilianzia kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, huko Burnsville. Nyuma yangu nilikuwa na miaka sita ya kuandika programu Dar es Salaam. Baada ya kutuma maombi mengi nikaitwa kwenye usaili mmoja. Msaili alikuwa mama wa makamo, mpole, na swali lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko yote niliyoyaomba: nimweleze kazi yoyote ya programu huria niliyowahi kushiriki. Nilikuwa nayo. Ilikuwa programu ya maktaba. Nikaanza. Tuliona kwamba orodha za zamani haziingii vizuri. Tukaandika sehemu ya kuzisafisha. Tukaijaribu kwenye maktaba mbili. Tukaipeleka, ikapokelewa.

Akaandika kidogo, kisha akauliza: "Na wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Nikamwambia tulisaidiana.

Akaliuliza tena swali lile lile kwa maneno mengine. Nikajibu vile vile kwa maneno mengine. Mara ya tatu hakuuliza. Wiki iliyofuata nilipata barua fupi yenye adabu zote.

Ile sehemu ya kusafisha orodha niliiandika mimi. Peke yangu, kwa miezi miwili, jioni baada ya kazi, umeme ukikatika nasubiri. Wenzangu walisoma, wakanionyesha makosa, wakanipigania kwa wasimamizi wa mradi. Msaada wao haukuwa mdogo. Lakini msimbo ulikuwa wangu. Kwa nini sikusema?

Kwa Kiswahili nilifanya kosa la silabi moja. Penye "ni" niliweka "tu".

Silabi hiyo nilifundishwa nyumbani, na sijutii kufundishwa. Kwetu mtoto anayeanza kila sentensi na "mimi" hukatwa kauli mapema. Mtu akikuuliza hali unajibu hatujambo, hata kama unaishi peke yako chumba kimoja Mwananyamala. Aliyejenga nyumba kwa jasho lake husema tumejenga, tunamshukuru Mungu. "Tu" ni kivuli. Unakaa chini yake usipigwe na jua la macho ya watu. Na juu ya hayo kuna methali niliyoisikia mara nyingi kuliko jina langu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo nimegombana nayo miaka mingi, na mpaka sasa nadhani ni kweli nusu. Ni kweli sokoni Korogwe, ambako embe liko mbele ya mnunuzi, analiminya, analinusa. Ukiwa umevuka bahari, embe limo guniani, gunia limefungwa, na mnunuzi ana dakika 40 kabla hajaonana na mwenye gunia lingine. Akikuuliza ndani mna nini nawe ukamjibu ni maembe ya kijiji chetu sote, usimlaumu akiondoka.

Nusu ya pili niliijua nilipohamia upande wa pili wa meza. Siku hizi kazini kwangu huitwa kuketi na wanaosaili, na hapo nimekutana na "ni" za ajabu. Kijana anakwambia "niliijenga" kuhusu programu ambayo dunia nzima inaijenga. Unafungua kumbukumbu mbele yake, bila nia mbaya, umsikie akisimulia, na unakuta jina lake mahali pamoja tu: alirekebisha koma kwenye maelezo ya mwanzo. Koma haina ubaya. Koma iliyokosekana humpotosha msomaji, na aliyeiweka amefanya kazi. Kama angesema "niliweka koma, na hii ndiyo sababu," ningemsikiliza vizuri sana. Ila kwa kuwa alisema aliijenga, sasa tunatazamana na ile koma, wote wawili, na usaili umekwisha ingawa zimebaki dakika 25.

Sasa farasi.

Aliitwa Dan Patch, na Savage alimnunua mwishoni mwa mwaka 1902 kwa dola 60,000, fedha ambazo wakati ule watu walisema amerukwa na akili. Alikuwa farasi wa kuvuta kigari chepesi, na alikuwa na kasi kiasi kwamba wenye farasi wengine walikataa kushindana naye. Ikabidi akimbie peke yake, ashindane na saa. Septemba 1906, kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota, alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55. Wasimamizi wa mchezo wakakataa kuitambua rekodi hiyo kwa sababu mbele yake alitanguliziwa farasi mwingine na ngao ya kumkingia upepo. Savage hakujali. Aliitangaza 1:55 popote palipobandikika tangazo, maana kuuza ndiko kulikuwa kipaji chake. Sigara, mashine za kufulia, vitu vingi vilibeba jina la farasi yule.

Kila mwezi wa Juni mji wetu hufanya sikukuu kwa jina la Dan Patch, na kila mara huwa nafikiria jambo moja. Rekodi yake iliyotambuliwa, ya mwaka mmoja kabla, ilikuwa dakika 1, sekunde 55 na robo. Robo sekunde! Ukweli wake mtupu ulikuwa umebakiza kufumba jicho tu kuifikia ile sifa yenye walakini. Farasi wa namna hiyo alikuwa na haja gani ya kuongezewa?

Na yule aliyetangulia akakata upepo, wangapi wanalijua jina lake?

Watu wa Linux walilimaliza tatizo hili kwa namna ambayo mwalimu wangu wa sarufi angeipenda. Kila kiraka kinachoingia kwenye kiini cha Linux hufungwa na mistari michache chini yake. Mmoja unamtaja aliyeripoti hitilafu, kama yupo. Mwingine aliyejaribu kama kiraka kinafanya kazi. Mwingine aliyekihakiki. Na tangu mwaka 2004 upo mstari ambao mletaji anaweka jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa, hakukiiba kwa mwajiri wala kwa jirani. Kwa mpango huo farasi naye katajwa, na aliyemkingia upepo katajwa. "Tu" imechambuliwa ikawa "ni" nyingi, kila moja kwa mwenyewe, bila mtu kumeza kazi ya mwenzake.

Kiswahili chenyewe, ukikisikiliza, kinakupa njia. Tunayo "ka". Nilimwambia mpwa wangu asiseme "tulirekebisha," asiseme "niliijenga". Asimulie kama anavyosimulia ajali aliyoiona barabarani. Nikaona. Nikaandika. Akanikosoa. Nikarudia. Wakapokea. Kila kitendo kimemkamata mtendaji wake shingoni. Kiingereza chake cha Alhamisi kingeweza kufuata mkondo huo huo, hata kama hakina "ka".

"Lakini Mjomba, nikisema nilikosolewa si najishusha?"

Swali hilo huulizwa na kila kijana. Nilimjibu kama mtu aliyewahi kukaa upande ule mwingine: hiyo ndiyo sehemu ninayoisubiri. Mtu yeyote anaweza kuandika msimbo peke yake usiku. Mimi nataka kujua utafanyaje mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, anapokwambia kiraka chako kina tundu. Ulinuna? Ulibishana kwa hoja? Ulijifunza? Hata kiraka kilichokataliwa kabisa kinasimulika, tena pengine kina utamu zaidi ya kilichopokelewa, mradi ujue kwa nini kilikataliwa na uweze kusema bila kumtukana aliyekikataa.

Kuna habari ya hapa hapa kwetu ambayo wasaili wa Minnesota wanaikumbuka bila kukumbushwa. Mwaka 2021 ilivuma habari kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ng'ambo ya mto na kaskazini kidogo ya hapa, walikuwa wamepeleka kwa makusudi viraka vyenye kasoro kwenye kiini cha Linux, wapime kama wahakiki watashtuka. Hawakuomba ruhusa kwa wenye mradi. Mwezi Aprili, Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, aliifungia mlango michango ya chuo kizima. Kisha wahakiki, ambao wengi wana kazi nyingine za kufanya, wakaketi kupekua upya viraka zaidi ya 400 vilivyowahi kutoka huko. Vilivyo vingi vilikutwa vizima. Watafiti wakaomba radhi, na utafiti wenyewe wakauondoa. Ninapoikumbuka habari hii sifikirii sana wale watafiti. Nafikiria wanafunzi waliokuwa wamepeleka kiraka kizima, kwa moyo mweupe, wakaona jina la chuo chao linageuka doa kwenye kazi yao. Uaminifu wa pamoja huvunjika kwa mkono mmoja na huokotwa kwa mingi.

Upande wa kichekesho wa mambo hayo ni ile habari ya fulana. Kampuni ya DigitalOcean huendesha sherehe ya programu huria kila Oktoba, na kwa miaka kadhaa aliyepeleka michango minne alipata fulana. Oktoba 2020 miradi ikafurikiwa na takataka, watu wakiongeza neno moja lisilo na maana hapa na pale ili wavae bure. Kabla mwezi haujafika mbali waandaaji walibadilisha masharti, mradi usiojiandikisha ukawa hauhesabiwi. Nimewahi kumsaili mtu aliyeziorodhesha fulana zake. Nilimpenda kwa ukweli wake, lakini fulana haikunisaidia kujua chochote.

Hapa lazima niseme neno ambalo wenzangu kazini hawalipendi. Swali la programu huria lina upendeleo ndani yake. Ukurasa wa GitHub huonyesha siku zako za mwaka kama miraba midogo. Siku uliyochangia hupakwa kijani. Ukurasa wa mtu asiye na watoto wala deni la nyumbani unaweza kuwa shamba la mpunga. Wa mpwa wangu ni jangwa. Usiku yuko ghalani, mchana alikuwa darasani, Jumamosi anamtumia mama yake fedha na kumpigia shemeji yake kuhusu paa linalovuja. Kumpima kwa miraba ni kupima muda wake wa ziada, na muda huo hana. Kwa hiyo mimi ninaposaili, swali hilo naliacha wazi kama mlango: kama huna mchango wowote wa aina hiyo, sawa, nionyeshe kitu kingine chochote ulichokitengeneza ukakitumia. Kwa mji huu hilo si jambo geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cargill, kampuni ya nafaka, ilijenga hapa Savage meli 18 za mafuta kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, na bahari iko mbali na sisi kwa siku kadhaa za gari. Walipewa kazi ile kwa sababu walikuwa wamejijengea matishari yao wenyewe ya kubebea ngano. Hakuna aliyewauliza wana miraba mingapi.

Wala mchango hauna lazima ya kuwa msimbo. Nilikuwa Dar mwaka 2004 wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Siwezi kusahau hisia ya kuiona kompyuta inazungumza nami kwa lugha ya mama yangu. Nyuma ya kila kitufe alikuwapo mtu aliyekaa akajiuliza tuliite nini jambo hili. Kazi hiyo ikiwekwa kwenye wasifu kama "tafsiri" tu, inapita bila kuonekana. Ukisimulia neno moja lililowasumbua siku tatu na sababu ya kuchagua hili mkaacha lile, msaili anajua ana mtu anayefikiri.

Halafu kuna jina ambalo tuliwapa walimwengu sisi wenyewe. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba, Ory Okolloh alitoa wito mtandaoni, na yeye pamoja na Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wengine wakaunda kwa siku chache tovuti ambako mwananchi angetuma ujumbe wa simu wa alichokiona, nacho kikaonekana kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Ikawekwa huria, na miaka miwili baadaye watu walikuwa wakiitumia baada ya tetemeko la Haiti, wakilitamka neno letu bila kujua lina kitenzi.

Neno hilo ndilo lililonitoa kwenye ugomvi wangu na methali, na ndilo nililompa mpwa wangu usiku ule jikoni. Shahidi akipanda kizimbani hasemi "tuliona". Hakimu atamkatiza: wewe ulisimama wapi, wewe uliona nini? Akijibu "mimi nilisimama chini ya mwembe, niliona gari nyekundu," hakuna mtu mahakamani atakayesema huyu bwana anajisifu. Akiongeza gari ya pili ambayo hakuiona, huyo ni mwongo na ana kosa. Akificha ile moja aliyoiona kwa sababu ya haya, naye ana kosa, tena kuna mtu ataumia kwa unyamavu wake.

"Haya," nikamwambia. "Mistari 11. Wewe ulisimama wapi?"

Akasita, kisha akaanza kusimulia, na mimi nikaacha kunywa chai.

Ilikuwa programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, inayotumika kwenye hospitali za nchi nyingi maskini. Anayesajiliwa mara mbili huleta fujo, kwa hiyo programu ilikuwa inatafuta watu wanaofanana: jina moja, jinsia moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Ikiwapata inasema huenda hawa ni mtu mmoja. Kule ilikoandikwa sehemu hiyo, akili hiyo inatosha. Lakini mpwa wangu aliusoma msimbo ule ghalani, kwenye simu, saa ya mapumziko, akamkumbuka bibi yake. Yaani mama yangu. Bibi hajui tarehe aliyozaliwa. Anajua alizaliwa vita ya Hitla inaisha. Karani mmoja alimwandikia tarehe 1 Januari, kama alivyowaandikia wanawake wote wa rika lake waliopanga foleni siku ile. Bibi anaitwa Zaina, na akina Zaina wa kijiji kile wote walizaliwa siku moja. Kwa programu ile wote walikuwa Zaina mmoja aliyejisajili mara nyingi, na siku karani mwenye haraka akibonyeza "unganisha", dawa ya shinikizo la damu ya mmoja inahamia kwenye faili la mwingine mwenye kisukari.

Mistari 11 ilisema hivi: kama tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria, usiihesabu kuwa ushahidi wa kufanana.

Aliipeleka. Mhakiki wa kwanza, aliyekuwa Kampala, alimrudishia na kumwambia aandike na majaribio, maana maneno matupu hayatoshi. Mwingine alimwuliza kama 1 Januari inaweza kuwa tarehe ya kweli ya mtu fulani, na huyo itakuwaje. Akaona kweli. Akarekebisha. Zilipita wiki tatu. Ikapokelewa.

"Na hiyo," nikamwuliza, "ndiyo ulikuwa unataka kuiacha wazi?"

"Mjomba, ni mistari 11."

Tulifanya mazoezi hadi saa tano. Nilimwomba aifungue ile kumbukumbu kwenye skrini asisimulie kwa kichwa, aanzie kwa Bibi na sio kwenye msimbo, aseme wazi majaribio yaliandikwa kwa kushinikizwa na mtu wa Kampala. Nikamkataza kuonyesha chochote alichokiona kwenye mitambo ya mwajiri wake wa sasa, hata kama kinavutia. Anayekuletea siri za jana atapeleka zako kesho, na wasaili wanajua hilo. Nikamwambia pia, wakimpa nafasi ya kuuliza, aulize kampuni ina taratibu gani kwa mfanyakazi anayechangia programu huria jioni kwake. Swali hilo halimfanyi mtu aonekane mkorofi. Sheria ya Minnesota, kifungu cha 181.78, inamlinda mfanyakazi kwa alichokibuni kwa muda wake, kwa vifaa vyake, bila siri za mwajiri, mradi hakigusi biashara ya mwajiri wala hakitokani na kazi aliyomfanyia. Hiyo "mradi" ni ndefu kuliko inavyosikika, kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya kalamu kushuka. Mimi wangu wa kwanza niliusaini nimesimama.

Hofu yake nyingine ilikuwa kwamba ataonekana mwenye majivuno mbele ya Wazungu. Nikacheka. Miaka niliyokaa hapa imenifundisha kwamba Wazungu wa Minnesota ndio Waswahili wa Marekani kwenye jambo hili. Jirani yangu, ambaye babu zake walitoka Norway, alimaliza kujenga sebule nzima kwa mikono yake, nikamsifu, akajibu kwamba si mbaya sana. Nilipompelekea pilau na baadaye nikamwuliza ilikuwaje, alisema tofauti kabisa na alivyozoea, na sijui mpaka leo kama alikula. Watu wa namna hiyo mwenye majigambo huwachosha upesi, lakini shahidi watamsikiliza.

Alhamisi alikuja kwangu saa tatu asubuhi, macho mekundu kutoka zamu, shati jeupe, chini suruali ya kulalia kwa kuwa usaili ulikuwa wa kompyuta. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, nenda chumba cha chini, kuna joto." Akashuka. Nilijidai nafagia theluji mlangoni, kisha nikarudi ndani nikasimama juu ya ngazi kama mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa.

Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya chini, na nilisikia zile "sisi" za Kiingereza, moja, mbili, nikafumba macho. Kisha kimya. Kisha nikasikia akimtaja bibi yake. Akaendelea kwa muda mrefu bila kukatizwa. Kuna mtu alicheka upande wa pili, kicheko kizuri, halafu swali, halafu jibu, halafu wengine wakaingilia wakiongea kwa pamoja, na hapo mashine ya joto ikawaka, sikusikia tena.

Alipopanda alikuwa kashika kikombe alichokuwa hajakinywa.

"Wamesema watanijulisha wiki ijayo."

"Walikuuliza nini zaidi?"

"Mengi. Yule mkubwa wao aliuliza jambo moja nikashindwa." Akaketi, akavua saa. "Aliuliza Bibi ana miaka mingapi hasa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hatujui."